Jina Chini ya Mchoro

Nachingwea,
12 Machi 2007

Kwa Ndugu Doris Mbwambo,
Duka la Kompyuta, karibu na stendi,
Ruangwa.

Ndugu,

Hatufahamiani. Mimi ni Stefano Hyera, mwalimu wa baiolojia hapa Nachingwea, huu ukiwa mwaka wangu wa tisa. Wiki iliyopita mwalimu mwenzangu alirudi kutoka semina huko kwenu akiwa na sidii yenye programu iitwayo Jipime. Alinionyesha kwa furaha: mwanafunzi anajibu swali, kompyuta inasahihisha, na kando ya swali kuna mchoro.

Furaha yake sikuweza kuipokea. Michoro arobaini na mmoja iliyomo humo ni yangu. Panzi, moyo wa ng'ombe, ua la mkorosho, mche wa mahindi, yote. Maswali mengi pia ni yangu. Niliviweka kwenye ukurasa wangu wa mtandao mwaka 2004, jina langu likiwa juu kabisa.

Nimelitafuta jina hilo kwenye sidii yako. Nimekuta jina lako. Nimekuta la mtu wa Moshi anayeitwa Kornel. Langu halipo hata kwa herufi ndogo.

Nani alikuruhusu? Na sidii hizo, unaziuza?

Usinipigie simu. Maneno ya simu hukanushwa kesho yake. Andika, weka sahihi, umpe barua kondakta wa basi la asubuhi. Nitaipokea stendi mwenyewe. Nakala ya barua hii nimeihifadhi.

Mwalimu S. Hyera


Ruangwa,
17 Machi 2007

Mwalimu Hyera,

Shikamoo. Kama wewe ni mdogo kwangu, utanirudishia. Sijui umri wako, kama nisivyojua bado iwapo wewe ndiye unayesema kuwa ndiye.

Siuzi. Jipime ni programu huria. Nimeiandika na kuiacha wazi, kila mtu aone ilivyoundwa ndani, anakili, abadilishe, agawe, mradi asifute majina ya waliotangulia na asiwafungie watakaokuja. Hayo yote yamo kwenye faili la leseni, ndani ya sidii hiyo hiyo uliyoishika.

Michoro niliikuta kwenye folda ya Kornel. Yeye ni mwenzangu katika kazi hii, tunasaidiana kwa mtandao. Mimi hupandisha kazi zangu nikienda Dar, yeye hupandisha za kwake akiwa Moshi. Nilimuuliza ameitoa wapi. Akajibu, "Mtandaoni, ni ya bure." Nikaridhika. Hapo nilikosea, wala sitafuti pa kujificha. Shamba lisilo na uzio lina mwenyewe. Kitu kikikaa mtandaoni bila neno lolote la ruhusa, basi ruhusa haijatolewa.

Lakini na mimi nina la kuuliza. Mwaka jana mtu alikuja dukani akidai mtihani wa hesabu niliouchapa ni kazi yake. Alipiga kelele mpaka watu wakajaa. Kumbe mwongo. Kwa hiyo usikasirike: nitajuaje kwamba michoro ni yako? Unazo karatasi za awali, zilizochorwa kwa mkono? Na kama ni yako, je, unaitoa chini ya leseni ya Jipime, au hutaki? Ukikataa nitaiondoa yote. Ukikubali nitaandika jina lako kama utakavyo.

Doris Mbwambo


Nachingwea,
29 Machi 2007

Bi Doris,

Marahaba. Nina miaka arobaini na mitatu.

Nimeambatanisha ukurasa wangu wa mtandao uliochapwa. Tazama tarehe juu kulia, na jina langu chini yake. Nadhani huo ni ushahidi wa kumtosha mtu mwenye nia njema.

Karatasi za awali sinazo. Paa la ofisi lilivuja masika ya 2005, zikalowa, zikatupwa. Jambo hilo lisikusumbue.

Naruhusu kazi yangu itumike kwa leseni hiyo hiyo ya Jipime. Uandike hivi: Maswali na michoro yote, S. Hyera, Nachingwea. Neno "yote" usiliache.

Mwanzoni nilidhani wewe ni mwizi. Sasa nadhani ni mzembe tu, na uzembe hurekebishika.

S. Hyera


Ruangwa,
20 Mei 2007

Mwalimu,

Toleo la pili liko tayari na limekwenda shuleni. Jina lako liko mwanzo wa programu, liko kwenye faili la leseni, na liko chini ya kila mchoro, hata mwanafunzi akichapa karatasi linatoka nayo. Kornel naye amebadilisha upande wake.

Kuna jambo moja dogo. Mchoro wa 17, mche wa mahindi, umeishia shinani. Ukingo wa chini umechanika na mizizi haipo, wakati swali lenyewe linauliza aina za mizizi. Unayo nusu ya chini? Kama huna, chora upya. Kwa mkono kama wako ni kazi ya dakika kumi.

Doris


Ruangwa,
11 Juni 2007

Mwalimu,

Sijapata jibu kuhusu mchoro wa 17. Kondakta anasema barua uliipokea mwenyewe, ukaisoma pale pale ukiwa umesimama.

Doris


Chunyu,
8 Agosti 2007

Dada Doris,

Shikamoo. Naitwa Swaumu Harithi Nandonde, mkulima, mke wa mtu, hapa Chunyu. Nilisoma sekondari Nachingwea, nikamaliza kidato cha nne mwaka 2004. Mtihani sikufaulu. Nalisema mapema usije ukalisikia kwa mwingine ukadhani nimeficha.

Wifi yangu Mwamina anasoma huko Ruangwa. Likizo ya mwezi wa sita alikuja na karatasi za majaribio zilizochapwa dukani kwako. Mimi nilikuwa napepeta ufuta. Akasema, "Wifi, hebu mwone panzi huyu, kama anataka kuruka." Nikafuta mikono, nikamtazama. Dada, panzi yule nilimchora mimi. Nilimfunga uzi mguuni siku mbili ili nimchore akiwa hai. Chini yake pameandikwa, Mchoro: S. Hyera.

Mwalimu Hyera ndiye aliyenifundisha. Kidato cha tatu na cha nne nilichora michoro ile ofisini kwake baada ya masomo. Alinipa penseli na meza. Sikudai chochote, nilikuwa nafurahi. Alisema ataitunza.

Ningenyamaza. Lakini mwezi wa saba nilisikia chama cha wakulima wa ufuta kinatafuta mtu wa kuchora kijitabu cha wadudu na magonjwa. Nikapeleka daftari langu. Katibu, Mzee Benedikto, akafungua kurasa mbili, akaenda kabatini, akarudi na karatasi za Jipime za binti yake. Akasema, "Mama, hii ni michoro ya Mwalimu Hyera. Umenakili."

Nikasema, "Ni yangu."

Akasema, "Jina lake ninaliona hapa. Lako liko wapi?"

Watu watatu walikuwamo ofisini. Mmoja alicheka. Nilirudi Chunyu kwa miguu, sikusubiri gari.

Mwamina anasema karatasi za mwanzo hazikuwa na jina lolote. Hilo lilikuwa baya, lakini nilikuwa bado naweza kusema ni yangu. Sasa umeweka jina la mtu mwingine, na mwongo nimekuwa mimi.

Sijui kama wewe na mwalimu ni kitu kimoja. Nakuandikia wewe kwa sababu anuani yako iko kwenye karatasi. Kwa hiyo mengine nayasema, mengine nabaki nayo. Mche wa mahindi niliuchora daftari likiwa limelazwa ubavu. Shina lilijaza ukurasa wa juu, mizizi ikashukia ukurasa wa chini yake. Mwalimu alichana ukurasa wa juu. Mizizi ninayo mimi.

Swaumu H. Nandonde


Ruangwa,
14 Agosti 2007

Mdogo wangu Swaumu,

Marahaba. Mwalimu Hyera sijawahi kumwona kwa macho. Nilimwamini kwa barua, na kama unayosema ni kweli basi barua hiyo imeniponza. Sasa na wewe unataka nikuamini kwa barua.

Habari ya mizizi kukosekana inaweza kusemwa na yeyote aliyeiona sidii. Sisemi umetumwa. Nasema sijui.

Njoo na daftari. Usimpe mtu alilete, wala usije ukaniachia mimi. Uje nalo, uondoke nalo.

Doris


Ruangwa,
26 Agosti 2007

Mwalimu Hyera,

Jana alikuja dukani kwangu Swaumu Nandonde. Najua jina hilo si geni kwako.

Alikaa kiti cha karibu na mlango, mkoba mapajani, hakuuachia hata nilipompa soda. Akasema, "Chapa ya kwako kwanza. Kwa ukubwa ule ule wa karatasi ya daftari."

Nikawasha jenereta, nikachapa mchoro wa 17. Akaikata karatasi yangu kwa kufuata ule ukingo uliochanika, taratibu, kwa wembe. Kisha akafungua daftari lake na kuikutanisha na ukingo wa juu wa ukurasa wake. Mwalimu, mistari ya shina iliungana. Kivuli cha upande wa kushoto kiliungana. Viboksi vya daftari la hesabu vilikutana kona kwa kona. Pale karatasi yako ilipoingia ndani kama pengo la jino, ya kwake ilitokeza.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukusema miaka yote hii?"

Akanijibu, "Nimwambie nani? Sikujua kama imekwenda popote."

Akafungua kurasa nyingine akanionyesha chura, jicho, ua la mkorosho. Yote ni michoro ya kuanzia, mistari ya kujaribu, mingine imefutwa. Halafu akachukua penseli mezani kwangu na kuchora kipanya cha kompyuta yangu nyuma ya risiti. Sikumwomba. Nadhani aliona bado ninamtazama vibaya.

Uliniambia paa lilivuja. Uliniambia neno "yote" nisiliache. Ruhusa uliyonipa haikuwa yako kuitoa, na mimi nimeisambaza shule baada ya shule. Leseni inasimama juu ya neno la mtu aliyesema "ni yangu". Neno hilo likiwa la uongo, hata anayefuata leseni kwa uaminifu anasambaza uongo.

Unasemaje? Niandikie. Simu sipokei, wewe ndiye uliyenifundisha.

Doris


Nachingwea,
3 Septemba 2007

Bi Doris,

Nani amemtuma? Hapa shuleni wapo wanaoitamani nafasi yangu ya mkuu wa taaluma, na mmoja wao ana ndugu Chunyu. Ungejiuliza hilo kwanza.

Ni kweli alichora. Lakini alichora nilichomwonyesha. Mimi ndiye niliyempasua chura na kumwambia moyo uko hapa, ini liko hapa. Penseli zangu, karatasi zangu, meza yangu. Mkono ulikuwa wake, elimu ilikuwa yangu. Mwanafunzi akifagia ofisi, ofisi haiwi yake. Na maswali ni yangu mimi, hata yeye hawezi kulikataa hilo.

Nakuomba jambo hili lisitoke nje ya barua zetu. Mwaka 2005 nilipewa tuzo ya walimu wa sayansi kwa kazi ile. Wewe ni mtu mzima, unaelewa.

S.H.


Ruangwa,
9 Septemba 2007

Mwalimu,

Nimeelewa.

Kuanzia leo Jipime haitoki dukani kwangu. Nimeziandikia shule zote zilizoichukua zisichape tena mpaka toleo la tatu, na nimemtumia Kornel ujumbe aiondoe mtandaoni. Sababu niliyoitoa ni moja: aliyechora hakuombwa ruhusa. Jina lako sikulitaja. Nimekuachia ulitaje mwenyewe.

Habari ya penseli: na mimi nilinunuliwa kompyuta ya kwanza na kaka yangu. Hajawahi kusema programu ni yake.

Maswali ni yako, na yatabaki na jina lako. Sijaja kukunyang'anya chako. Barua zako zote ninazo, katika bahasha moja, kwa tarehe.

Doris Mbwambo


Nachingwea,
21 Oktoba 2007

Swaumu,

Nimeianza barua hii mara nne. Nimesikia umeolewa Chunyu. Hongera, ingawa nimechelewa.

Utakumbuka mlango wa ofisi ulikuwa wazi kila siku ulipokuwa ukichora. Hata hivyo walimu walisema maneno. Mkuu wa shule aliniita akaniuliza mwanafunzi wa kike ana kazi gani ofisini kwangu hadi saa kumi na moja jioni. Baba yako alikuja shuleni, akasimama kwenye mlingoti wa bendera, na nilipomsogelea hakuupokea mkono wangu. Kwa hiyo nilipoweka michoro mtandaoni nilijiambia kwamba jina lako likionekana karibu na langu, wenye maneno watapata ushahidi. Nilijiambia ninakukinga.

Hiyo ilikuwa kweli kwa wiki moja, labda mbili. Kisha barua za sifa zikaanza kuja kutoka shule nyingine. Kisha tuzo. Watu waliniuliza, "Mwalimu, kumbe una mkono namna hii?" Na mimi nikanyamaza mara ya kwanza. Mara ya pili nikasema ndiyo. Baada ya hapo sikuhitaji sababu tena.

Bi Doris aliponiomba nichore mizizi, nilikaa na penseli mchana mzima wa Jumamosi. Mke wangu Felomena akapita, akatazama nilichochora, akauliza kama ni ufagio.

Paa halikuvuja. Karatasi zako zilikuwa kabatini, zote arobaini na moja. Zimo ndani ya furushi hili, zimefungwa kwa plastiki. Zihesabu. Nimemwandikia katibu wa chama cha ufuta, nakala ya barua hiyo imo. Nimewaandikia pia walionipa tuzo, hawajajibu. Mkuu wa shule nimemweleza ana kwa ana, na nafasi ya taaluma sinayo tena.

Maswali yangu bila michoro yako ni maneno matupu, wanafunzi hawayaelewi. Nakuomba uruhusu ibaki kwenye Jipime, kwa jina lako. Uandike mwenyewe linavyopaswa kuandikwa. Jibu mpe Bi Doris, si lazima uniandikie mimi.

Stefano Hyera


Chunyu,
2 Desemba 2007

Dada Doris,

Shikamoo. Korosho zimetubana huku, ndiyo maana nimekawia.

Furushi la mwalimu lilifika salama. Nilizihesabu karatasi mara mbili, nikiwa na Mwamina. Zimetimia. Mume wangu aliuliza kwa nini nahesabu kama mtu asiyemwamini aliyemletea. Nikamwambia, kwa sababu simwamini.

Mzee Benedikto alikuja mwenyewe nyumbani, na barua ya mwalimu mkononi. Hakukaa mpaka nilipomwambia akae. Kijitabu cha ufuta alishapewa mtu wa Lindi, na amefika mbali. Zimebaki kurasa nne za wadudu ambazo yule bwana zimemshinda, ndizo alizoniomba nichore. Nikamwambia nitachora, ila jina langu liwe chini ya kila mdudu. Akacheka akidhani natania. Nilimletea karatasi akaandika na kutia sahihi. Sasa nakuomba nawe unitazamie karatasi hiyo, nimeambatanisha nakala, kama ina pengo lolote la kuniponza baadaye.

Leseni uliyonifasiria nimeisoma mara tatu. Pale panaposema mtu yeyote anaweza kubadilisha, niliogopa. Nikamwona mtu anamng'oa panzi wangu mguu. Kisha nikafika panaposema kwamba anayebadilisha aseme amebadilisha, na jina la wa kwanza libaki. Hapo nikatulia kidogo. Si sana. Wewe mwenyewe uliambiwa "ni ya bure" ukaamini.

Mchoro wa 30, mkono wa mtu, uutoe. Ule ni mkono wa baba. Siku ile aliporudi kutoka shuleni na hasira zake nilimwomba akae nimchore, ili aone ninachokifanya ofisini kwa mwalimu. Alikaa mpaka nikamaliza, akautazama, na tangu hapo hakuniuliza tena. Alifariki mwaka jana. Huo haumo katika leseni ya mtu yeyote.

Mingine uandike hivi, usipunguze wala usiongeze:

"Michoro hii arobaini imechorwa na Swaumu Harithi Nandonde wa Chunyu, Ruangwa, miaka ya 2003 na 2004, alipokuwa mwanafunzi. Anaruhusu inakiliwe, ibadilishwe na igawiwe, mradi jina lake lisiondolewe. Maswali ni ya Mwalimu Stefano Hyera."

Toleo la tatu likiwa tayari, nitakuja Ruangwa nilione kwanza kwenye kompyuta yako kabla halijatoka.

Ukimwandikia mwalimu, mwambie ruhusa nimempa, kwa sababu ruhusa ndiyo aliyoiomba. Msamaha hakuuomba.

Swaumu Harithi Nandonde